Mtoto wa Mabatini Si Kilaza

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, maneno hapa Nyamagana, Mwanza, ni yale yale: shule za kulipia zimeng'ara, za kata zimejaza sifuri, watoto wa siku hizi hawasomi. Nimechoka kuyasikia. Mtoto wa Mabatini si kilaza. Tumemfunga miguu sisi wenyewe, halafu tunamlaumu kwa nini hakimbii.

Tuanzie darasa la saba. Baraza la Mitihani huwapima watoto kwa lugha waliyofundishiwa: aliyesoma kwa Kiswahili anafanya kwa Kiswahili, aliyesoma kwa Kiingereza anafanya kwa Kiingereza. Hiyo ni haki. Januari inapofika wote wanaingia kidato cha kwanza, na haki ile inafutwa. Kuanzia hapo hadi cheti cha kidato cha nne, ukiondoa somo la Kiswahili na mengine machache, maswali ni ya Kiingereza tu.

Sasa niambieni, Kiingereza hicho ni cha nani? Ni cha mtoto wa Kapripoint, ambaye basi la shule lilimpitia getini tangu chekechea, na wazazi wake wakalipa mamilioni ili akizoee. Siwalaumu, nani asiyemtakia mwanawe mema? Lakini mwenzake wa Igogo, ng'ambo tu ya pale, alikuwa anapanda mawe ya mlimani na ndoo ya maji kichwani kabla ya kengele, mama yake ameshawahi mwaloni kununua dagaa wa kuuza. Alisoma kayumba, shule ya msingi ya serikali, darasa limefurika, na bado akafaulu. Leo anaambiwa Kiingereza ambacho mwenzake alikipata kwa miaka saba akipate kwa kozi ya wiki chache.

Mketishe mtoto huyo umuulize habari za ziwa. Atakueleza kwamba sangara aliletwa, kwamba amewamaliza furu wengi, kwamba dagaa wakipungua nyavu zinarudi tupu na nyumbani hakuliki. Hiyo ni baiolojia, tena aliyoiona kwa macho. Swali hilo hilo likija kwenye mtihani kwa Kiingereza, kalamu inasimama. Anakariri notisi asizozielewa, anaogopa kunyoosha mkono asije akachekwa, na akipata sifuri tunaandika kwamba hajui. Anajua! Tumekataa kumsikiliza.

Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na madarasa yakafurika watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Ni jambo kubwa. Lakini mlango umefunguliwa na ndani mtoto hasemeshwi kwa lugha anayoielewa. Wala hatuwezi kusema hatukuonywa. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zihamie Kiswahili. Pendekezo likawekwa kando. Sera ya Elimu ya 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote; utekelezaji haukuja. Na hao wanaopaswa kuamua, wangapi wana watoto kwenye shule za kata? Lingekuwa linawauma wao, lingekwisha zamani.

Nitaambiwa Kiingereza ni lugha ya dunia. Sawa, kifundishwe kama somo, na walimu wanaokimudu, kuanzia Mkolani hadi Mirongo. Nitaambiwa wapo waliotoka kayumba wakawa madaktari. Wapo, na nawavulia kofia. Ila tusiwatumie hao wachache kuhalalisha mateso ya wale wengi walioishia kuuza karanga stendi ya Nyegezi.

Ninachodai hakihitaji tume nyingine. Karatasi za kidato cha pili na cha nne zichapwe kwa lugha zote mbili, mtahiniwa achague ya kujibia, na vitabu vya masomo yote vitoke hivyo hivyo. Darasa la saba tunaweza. Wizara itueleze mbele ya wazazi wa Mabatini kwa nini sekondari haiwezekani, na hadi itakapotueleza, asiwepo wa kumwita mtoto wao kilaza.