PICHA ZA ZAMANI NI AMANA: TUULIZE MAJINA WAZEE WANGALIPO

  



Siku hizi katika mji wetu wa Tabora kumezuka jambo zuri. Watu wanafungua masanduku ya mbao na ya bati, wanatoa picha za zamani, wanazipiga upya kwa simu na kupelekeana. Utaona harusi iliyofanyika Gongoni, Maulidi yaliyosomwa Isevya, vijana watatu waliosimama studio mbele ya pazia lililochorwa, mmoja kaunyanyua mkono ili saa yake ionekane. Mara wazee walioko Dar es Salaam, Kigoma, hata Muscat, wanaanza kukumbuka: ule mwembe ulikuwa wa nani, ile nyumba ilikuwa ya nani, yule ni fulani aliyekuwa akisomesha Qur'an barazani. Jambo hili linaunga undugu, na kuunga undugu ni katika dini.

Lakini nina neno. Picha nyingi zinapita mikononi mwetu bila jina hata moja, au zikiwa na maelezo aliyoyabuni mtu jana. Maoni yangu ni haya: picha ya zamani ni amana, na amana hiyo haitimii kwa kuigawa tu. Inatimia kwa kuandika ni nani waliomo, wote, hata yule aliyesimama pembeni, na kueleza khabari hiyo imetoka kwa nani.

Najua wapo watakaoniuliza kwanza hukumu ya picha yenyewe. Wanazuoni wametofautiana, na hapa si mahali pa kuufungua mlango huo. Picha ninazozisema zimeshapigwa zamani na zimo majumbani mwetu. Swali ni tuzifanyie nini.

PICHA NAYO INATAKA ISNADI

Wanafunzi wanaosoma Hadithi wanafahamu kwamba wanazuoni wetu hawakupokea neno ovyo. Waliuliza: umelisikia kwa nani, na yeye alilisikia kwa nani? Ndiyo isnadi hiyo. Na Allah (S.W.) katika Suratul Hujurat, aya ya 6, anatuamrisha kuichunguza khabari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru wengine kwa kutojua kisha tukajuta.

Basi tuitumie elimu hiyo katika picha pia. Mtu akikuletea picha ya stesheni ya Tabora akasema ni ya zama za Mtemi Isike, mwambie ayapime maneno yake. Isike alifariki Januari 1893 akipigana na Wajerumani, na reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912. Akikuletea picha ya majeshi ya Wabelgiji yakiwa mjini akasema ni ya mwaka 1910, hapo pia pana walakini, kwa sababu Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Tarehe chache kama hizi ukiwa nazo kichwani, utazuia uongo mwingi usipite kwako.

WENYE MAJINA NA WASIO NA MAJINA

Mji wetu umekaa kwenye njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika huku kwetu Unyanyembe, kisha ikaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo, pamoja na Kwihara yetu, katika orodha ya mahali inapopendekeza pawe urithi wa dunia. Njia hii ilipitisha nguo, shanga na meno ya tembo. Ilipitisha pia binadamu waliokamatwa na kuuzwa. Na kwa njia hiyo hiyo Uislamu na lugha ya Kiswahili vikaenea bara. Mambo haya yalipita njia moja, na mwenye kusema kweli huyasema yote.

Sasa tazameni picha zake. Picha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, wengi mmeiona: mzee wa ndevu nyeupe. Baba yake alikuwa na makazi Ituru, karibu na hapa, na alioa katika nyumba ya Mtemi Fundikira. Tippu Tip alifanya biashara ya pembe na ya watumwa, akaeleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, akafariki Unguja mwaka 1905. Picha yake ina jina na ina kitabu. Lakini yule Mnyamwezi aliyebeba jino la tembo begani kwa miezi, kutoka bara mpaka pwani, picha yake ina nini?

Walipokuja Wajerumani na kamera zao hali ilikuwa hiyo hiyo. Walther Dobbertin alipiga picha nyingi nchini mwetu kabla ya vita vya 1914 na wakati wa vita hivyo, na zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani. Jina la mpiga picha tunalo. Waliopigwa, mara nyingi katika picha za zama hizo, wameandikwa tu kuwa ni wapagazi, au askari, au kabila lao, basi.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Abdullah Susi na James Chuma walikuwa miongoni mwa watu walioubeba mwili wa Dkt. Livingstone mwaka 1873, wakapita nao Unyanyembe mpaka pwani. Mwaka 1874 walipigwa picha huko Uingereza, na hadi leo anayeiona anajua huyu ni Susi na huyu ni Chuma, kwa sababu aliyekuwapo aliandika.

Tunawalaumu wageni kwa kutoandika majina ya wazee wetu, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini hebu fungua albamu ya nyumbani kwako. Bwana harusi anajulikana, na shekhe aliyefungisha ndoa anajulikana. Yule mama aliyeinamia sufuria kule nyuma ni nani? Yule kijana aliyeshika kamba ya mbuzi je? Sisi nasi tumefanya yale yale.

ALIYESIMAMA PEMBENI

Hapa ndipo penye uzito, wala sitaki kupapita juu juu. Ninajua nyumba moja hapa mjini ambako siku ya Idd picha ya zamani ilipitishwa mkekani. Kijana mmoja akamwonyesha kidole bibi aliyesimama pembeni ya picha, akasema kwa kicheko, "Huyu si alikuwa mjakazi tu?" Wajukuu wa bibi huyo walikuwa wamekaa pale pale wakila pilau. Mkeka mzima ukanyamaza. Ndipo bibi mzee kuliko wote akasema, "Ana jina huyo. Na ndiye aliyemnyonyesha babu yenu." Jina likatajwa, na likaandikwa nyuma ya picha.

Ndugu zangu, lizingatieni jambo hili. Katika sheria yetu kunyonya kunaleta undugu, nao unaharimisha ndoa kwa masharti yake, kama Suratun Nisaa aya ya 23 inavyobainisha. Watoto wa bibi yule ni ndugu wa ziwa wa babu wa nyumba ile. Aliyeitwa "mjakazi tu" ni mama. Nyumba ilikaribia kulisahau jambo lenye hukumu ndani yake, kwa sababu tu hakuna aliyeona haja ya kuandika jina.

Wapo wazee wanaosema, "Yaacheni yalale, mkiyafukua mtaleta fitina." Ninawaheshimu, na najua wanasema kwa huruma. Lakini hayajalala. Hunong'onwa wakati wa posa, binti akakataliwa au kijana akarudishwa kwa kuulizwa asili ya bibi wa bibi yake. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Miaka zaidi ya mia imepita, na bado yupo anayeutumia kama fimbo. Kunyamaza kwetu hakujamsitiri aliyeonewa. Kumempa nafasi mwenye kukejeli.

Na aibu ni ya nani? Katika masahaba wote, aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'an ni mmoja tu, Zayd bin Haritha (R.A.), naye alipata kuuzwa utumwani. Abu Dharr (R.A.) alipomtukana mtu kwa kumtaja mama yake, Mtume (S.A.W.) alimkemea na kumwambia kwamba bado ana ujahiliya ndani yake. Suratul Hujurat aya ya 11 inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, na aya ya 13 inatukumbusha kwamba mbora wetu ni mchamungu zaidi. Mji huu ni wa Wanyamwezi, Wamanyema, Waswahili wa mwambao, Waarabu, Wahindi na wengine wengi. Wapo waliokuja kwa biashara, na wapo walioletwa kwa minyororo. Leo sote tunasimama safu moja msikitini.

Hata hivyo pana mpaka. Asili ya ukoo ni ya wenye ukoo kuieleza. Si halali yako kuchukua picha ya nyumba ya jirani ukaitangazia mji kwamba fulani alikuwa mtumwa wa fulani. Hiyo ni kuvunja heshima ya mtu, si historia.

SITARA NA IDHINI

Picha nyingine zilipigwa ndani, kwa macho ya watu wa nyumbani. Mama zetu walikuwa harusini, wamejipamba, hawakuvaa mtandio kwa sababu hapakuwa na mwanamume wa kando. Bibi aliyejisitiri kwa baibui maisha yake yote, tusimvue sitara hiyo baada ya kufa kwa kuisambaza picha yake simu hadi simu. Andika jina lake na habari zake, waambie watoto alivyokuwa, na picha ibaki nyumbani. Akiwa hai, aulizwe mwenyewe. Na akikataa, imetosha.

LA KUFANYA

Enyi wanafunzi, nawaomba katika likizo hii mfanye haya:

1. Kaa na babu, bibi, shangazi au mjomba, ukiwa na picha na daftari. Uliza mambo manne: ni nani, ni wapi, ni lini, na wewe ulijuaje?

2. Anza na walio pembeni. Walio katikati wataulizwa na kila mtu.

3. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, polepole. Kalamu ya wino hupenya na kuchafua upande wa pili.

4. Mzee akisema "sikumbuki vizuri", andika hivyo hivyo. Wazee wawili wakihitilafiana, andika kauli zote mbili na majina ya waliozisema.

5. Usiondoke na picha ya watu. Ipige kwa simu mahali penye kivuli na mwanga wa mchana, kisha irudishe mkononi mwa mwenyewe. Mshauri aiweke mbali na unyevu na mchwa, kwani mchwa wa Tabora mnawajua.

6. Kabla ya kumpelekea mtu mwingine, omba idhini, na uipeleke pamoja na majina yake.

Wazazi nanyi tunawaomba msiwafukuze watoto wanapouliza. Kila tunapomzika mzee mmoja, picha kadhaa za mji huu zinakosa wa kuzisemea.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu wazee wetu waliotangulia, wale ambao majina yao tunayajua na wale ambao anayajua Yeye peke yake. Atujaalie tuwe watunzaji wema wa amana na atuepushe na kiburi cha nasaba. Amin.

Wabillahi tawfiq.