Remiksi Yenye Wenyewe

Mashindano ya ngoma ya Usukumani, yale ya vyama vya Bagika na Bagalu, yana kipimo kikali. Vikundi viwili hucheza saa ileile, kila kimoja upande wake, na kilichovuta umati mkubwa ndicho kimeshinda. Kwa hiyo manju hawezi kurudi na kitu kilekile msimu ujao. Atabuni wimbo, atabuni mchezo, wengine wataingia uwanjani na chatu, ilimradi watu wahame upande wa pili waje kwake.

Kijana wa Malampaka anayetengeneza muziki wa kompyuta leo anahangaikia jambo hilohilo. Mji wake mdogo uko wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, kando ya reli ya Tabora hadi Mwanza, katikati ya nchi ya pamba. Biti anazo, watu hana. Ushauri anaoupata karibu kila anakogeuka ni mmoja: chukua wimbo wa staa unaotamba, uvue mdundo wake, uvalishe amapiano, upandishe YouTube.

Ushauri huo una mantiki yake. Msikilizaji hawezi kutafuta jina asilolijua, lakini jina la staa analitafuta kila siku, na anayelitafuta anaweza kuangukia kazi yako. Remiksi imewahi kufungua milango mikubwa hapa kwetu. “Number One” ya Diamond Platnumz ilitoka mwaka 2013 ikapendwa nchini. Mwanzoni mwa 2014 likaja toleo alilofanya na Davido wa Nigeria, na Wanijeria wengi wakamjua Mtanzania huyu kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo akatajwa kuwania tuzo ya BET.

Lakini Davido hakuchukuliwa sauti akiwa hana habari. Aliingia studio, akaimba vesi yake, na kila mmoja akawapeleka mashabiki wake kwa mwenzake. Umati ulivuka mpaka kwa sababu wenye umati walikubaliana. Anayejibandika kwenye sauti ya staa bila staa kujua hapati kitu cha namna hiyo. Msikilizaji aliyekuja kwa ajili ya staa atasikiliza, ataondoka, na jina la prodyuza halitamkaa kichwani. Mtambo wa YouTube nao unatambua sauti iliyosajiliwa, na mwenye nayo huchagua: aifungie video yako, au aiache na kuchukua mapato ya matangazo. Ukifanikiwa, umemfanyia kazi mtu mwingine.

Kugeuza wimbo wa staa kama zoezi la kujifunza, sina ugomvi nako. Muziki wa singeli wenyewe ulianza kwa kukata vipande vya taarabu na kuvikimbiza kwa kasi ya ajabu. Ila kilichowatoa maprodyuza wake Sisso, Jay Mitta, Bamba Pana na Duke hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyo wa “Sounds of Sisso” mwaka 2017, ni mlio ambao haukuwa wa mtu mwingine yeyote.

Mfano ninaoutaka vijana wa Simiyu wautazame zaidi uko Kanda ya Ziwa hapahapa. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny walitoa “Salome”, wimbo uliojengwa juu ya “Maria Salome” wa Saida Karoli, mwimbaji wa Bukoba aliyetamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 kisha akawa kimya. Aliyefaidika zaidi ni Diamond, sina shaka. Lakini watoto ambao hawakuwahi kumsikia mama huyu walianza kuutafuta wimbo wa kwanza, na mwaka 2017 Saida akarudi na “Orugambo”. Remiksi ilimrudishia mwenye wimbo njia.

Sasa fikiria waimbaji wa Kisukuma kama Bhudagala na Gude Gude. Nyimbo zao zinazunguka kwenye memori kadi, redio za bodaboda na simu za wachungaji. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na mifugo imewafikisha hadi Katavi, Mbeya, Morogoro na Lindi. Huo ni umati uliokwisha kukusanyika, na prodyuza wa Malampaka anaijua lugha yake, kitu ambacho studio nyingi za Dar es Salaam hazina.

Kazi yenyewe si nyepesi. Wimbo uliorekodiwa kwa ngoma za mkono hupumua: unaharakisha kidogo kwenye kiitikio, unalegea mwimbaji anapotaja majina ya watu. Ukiinyoosha sauti ile ifuate saa ya kompyuta, unaiua. Afadhali mdundo uifuate sauti, hata kama itakulazimu kusogeza kila pigo kwa mkono. Omba sauti tupu kwenye studio iliporekodiwa. Programu za siku hizi za kuchomoa sauti kwenye wimbo mzima huacha mabaki ya ngoma nyuma yake, na zimerahisisha mno wizi.

Na hapa ndipo hofu yangu ilipo. Mwenye kompyuta na chaneli ana nguvu kuliko mwimbaji mzee wa kijijini. Jamaika, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, wenye studio waligeuza nyimbo zilezile mara nyingi, na waimbaji wengi hawakulipwa kwa matoleo hayo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake igeuzwe, lakini sheria haitamfuata mtu Maswa kama hakuna karatasi. Maafisa utamaduni wa halmashauri wangeweza kuandaa mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: nani kaimba, nani kageuza, mapato yanagawanywaje, jina la nani linatangulia, na wimbo wa kwanza unapatikana wapi. Ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ingeweza kuukagua mara moja ukatumika mkoa mzima.

Msimu wa kuuza pamba minada hujaa watu wenye fedha mkononi na spika kila kona. Peleka remiksi huko kwanza, kwenye mnada wa kwao mwimbaji, uipige yeye akiwepo. Akikwambia umemharibia wimbo, rudi nayo studio.