ASILIMIA KUMI: TAARIFA ISIISHIE KWENYE MAREJESHO

Ndugu wanachama wa tawi letu hapa Kamuli,

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji mtasomewa taarifa ya mikopo ya asilimia kumi: vikundi vingapi, fedha kiasi gani, marejesho kiasi gani. Makofi, ajenda inayofuata. Safari hii tusiwahi kupiga makofi.

Fedha hii si zawadi ya mtu. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ushuru wa kahawa na maharage yetu umo humo. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha, vikundi hewa na madeni yalikuwa yamezidi. Ikarejea 2024, na tangu hapo wimbo ni mmoja: marejesho, marejesho!

Sawa, mkopo ulipwe. Lakini kahawa ya kikundi inachumwa na nani? Kibarua. Anaingia shambani alfajiri, jioni anaambiwa "subiri kahawa iuzwe". Sisi tunaoilaani butura, kahawa kununuliwa ingali ua, tunaona kawaida kibarua akopwe jasho lake! Akiwa ametoka ng'ambo ya mto Kagera ndiyo kabisa, hana pa kusemea. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Mmewahi kusomewa hilo kwenye taarifa ya mkopo?

Tutaambiwa tunawabebesha akina mama makaratasi. Hapana. Ni mistari miwili: vibarua wangapi, wamelipwa lini. Kukusanya ni kazi ya afisa maendeleo ya jamii, anayelipwa mshahara.

Kila mwanachama ahudhurie, aulize, na swali liingie kwenye muhtasari. Likikosa jibu, tawi litamwandikia Mkurugenzi Mtendaji kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotoa siku 30 za kujibu.

Wenzetu mlio kwenye vikundi, mnajijua. Walipeni vibarua wenu kabla ya mkutano, maana tutauliza hadharani.

Msambazie na jirani asiye na simu janja.

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi wa Tawi