Kabla ya Kununua Kinanda Kingine, Tuulizane

Vijana wenzetu wa Gasorwe na Kinama, huku Muyinga, na nyinyi mulio mjini Gitega, wiki hii simu zimejaa swali moja: mchango wetu ununue kinanda gani? Wengine wanataka kikubwa chenye taa na sauti elfu. Sisi tunasema hapana, na sababu zetu ni hizi.

Kinanda cha kuanzia, kama Yamaha PSR-E273, kina funguo 61 na kinafundisha akordi vizuri kabisa. Shida yake ni moja: ubonyeze polepole ama upige kwa nguvu, sauti inatoka ileile. Kwaya inaposhuka kwenye maombi, kinanda hakishuki nayo. Kwa hiyo cha kwanza cha kutafuta kwenye kinanda kipya ni funguo zinazosikia nguvu ya vidole. Sauti nyingi zije baadaye.

Cha pili ni umeme. Yamaha PSR-SX700 ni kinanda kizuri sana, hatubishi. Yamaha P-45 nayo ina funguo 88 nzito kama za piano ya kweli. Lakini zote mbili hazina mahali pa kuweka betri, na P-45 ina kilo 11.5. Umeme ukikatika saa ya mazoezi, tutabaki tunaiangalia tu, si ndiyo?

Ndio maana tunapendekeza Yamaha PSR-E373 ama Casio CT-S300. Zote zina funguo 61 zinazosikia vidole, na zinatumia umeme ama betri 6 ndogo za AA. CT-S300 ina kilo 3.3, unaibeba mgongoni bila shida. Ina pia gurudumu la kupindisha noti, na wapenda seben munajua raha yake ukiiga gitaa. Sauti zake ni 400. Jamani, nani kati yetu amemaliza hata 20?

Tukipata iliyotumika, tusitoe pesa kabla ya kuijaribu. Tubonyeze kila ufunguo, polepole halafu kwa nguvu. Tuchomeke pedali na spika. Tuiwashe kwa betri, kisha kwa adapta. Adapta ya E373 ni volti 12, ya CT-S300 ni volti 9.5, ukichanganya unaweza kuunguza kila kitu. Rahisi ghali.

Pesa itakayobaki inunue pedali, mfuko wa kubebea na betri za kuchaji kwa sola. Na kile cha zamani tusikiuze! Kibaki kwa wanaoanza. Wasichana wengi wanafika mazoezini wamechelewa sababu ya kuchota maji na kupika, wanakuta wavulana wameshakalia kiti. Vinanda viwili ni viti viwili.

Nyinyi munaofanya kazi na mashirika, tunashukuru kila musaada. Tunaomba tu muulize wapigaji kabla ya kuandika bajeti. Kinanda cha bei kubwa kisichowaka kinapendeza kwenye picha ya ripoti, lakini mtoto hajifunzi kitu.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Kila mwaka kuna wenzetu wanaondoka, wengine wanarudi Kongo, wengine wanahamia nchi ya tatu. Tunawafurahia. Lakini mpigaji akiwa mmoja, siku akipanda gari kwaya inabaki bubu. Basi iandikwe kwenye daftari: kinanda ni cha kikundi, hakiondoki na mtu, na kila anayekipiga ana wanafunzi wawili anaowafundisha. Bila sharti hilo, hata kinanda cha milioni hakitatufaa.

Ambaye hakubaliani aandike hapa chini na atoe sababu. Tusikilizane kwanza, ndipo tupige kura.