Munganga katika telefone: inafaa wapi kwa mtu wa mina?

Siku hizi munganga anaweza kukuona kwa video, wewe uko nyumbani Kolwezi ao Fungurume, yeye iko Lubumbashi. Kuna wanaofurahi: safari imepungua. Kuna wanaoogopa: kesho patro atasema "ulisha kuonwa", na mlango wa hopitali utafungwa. Wote wako na haki. Kwa hiyo tusiulize tu kama video ni nzuri ao mbaya. Tuulize: ni kwa maumivu gani, nani analipa, na karatasi gani inabaki mkononi mwa mfanyakazi?

Tuanze na maumivu ya siku nyingi. Mwenye kuendesha kamyo kubwa inayotikisa siku nzima, mwenye kushika mashine ya kutoboa, kreza mwenye kubeba mfuko wa mawe: wote wanajua mugongo, magoti na mabega. Kwa hesabu ya OMS, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mugongo. Mwezi wa 12, 2023, OMS ilitoa mashauri juu ya maumivu hayo yakikaa muda mrefu. Inakubali mazoezi, mafundisho ya namna ya kuishi na mugongo ule, na dawa fulani za kupunguza maumivu. Haishauri mukanda wa kufunga kiuno, wala dawa kali za jamii ya tramadol.

Sasa angalia vizuri: mafundisho na mazoezi vinaweza kupita katika video. Munganga wa kine anakuambia uiname, utembee, usimame juu ya mguu mmoja. Anaona fasi gani mwili unakataa. Anakuonyesha zoezi, na juma linalofuata anaangalia kama unalifanya vizuri. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometre 300. Kwa mtu ambaye mugongo unamuuma, kutokaa masaa yote katika bisi ni sehemu ya matunzo. Lakini lazima video irudiliwe. Mara moja peke, na karatasi ya dawa mwishoni, hiyo si kutibu.

Na tuseme ukweli juu ya dawa. Wengi kati yetu wanameza vidonge ili wamalize zamu. Tramadol inazoeza mwili, na kuiacha kunakuwa vita. Diclofenac na ibuprofen, zikinywewa kila siku na mtu anayetoka jasho nyingi na kunywa maji kidogo, zinaweza kuharibu tumbo na figo. Munganga wa video asiyeuliza unameza nini, hajakuona.

Upande wa vidonda na ajali, njo mambo yanabadilika. Kioo cha telefone hakigusi mfupa na hakipige radio. Mtu ameanguka toka juu, usimwinue kumkalisha mbele ya kamera: mugongo ukiwa umevunjika, kumtikisa kunaweza kumwacha bila miguu. Mwenye maumivu ya mugongo ambaye miguu inaanza kulegea, ao anashindwa kuzuia mkojo, ao hasikie kitu katikati ya mapaja, huyo ni wa hopitali leo, hapana kesho.

Kuna jambo lingine ambalo kila familia ya mina inapaswa kulijua. Mtu aliyelaliwa na mawe ao udongo kwa masaa, akitolewa, anaweza kusema, hata kucheka. Lakini nyama ya mwili iliyopondwa inamwaga sumu katika damu, na ile sumu inaweza kusimamisha moyo ao figo. Waganga wanalijua tangu vita vya pili vya dunia, London ilipopigwa mabomu: watu walitolewa chini ya nyumba wakiwa wazima, kisha wakakufa. Mtu kama huyo kwenye video ataonekana mzima. Ndiyo maana video isimzuie kupelekwa.

Hata hivyo, kwa ajali video iko na kazi moja nzuri: kati ya infirmye wa dispansere ya mina na munganga mkubwa wa mjini. Infirmye anaonyesha kidonda, yule anamwambia afunge wapi, na kitu gani asiguse, wakati ambulansi iko njiani. Hapo telefone inasaidia mikono, haichukue fasi yake.

Tufike kwa feza na karatasi. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kutoa matunzo kwa mfanyakazi na familia yake. CNSS nayo inashughulikia ajali za kazi, lakini ajali isiyoandikwa ni kama haikutokea. Kama munganga wa video anasema "hakuna kitu, rudia kazi", na hakuna aliyekugusa, utaonyesha nini miezi sita baadaye mguu ukikataa? Ufaransa inalipa matunzo ya video tangu 2018, lakini tangu 2024 imeweka mpaka: munganga ambaye si wako wa kawaida hawezi kukupa mapumziko ya kazi zaidi ya siku 3 kwa video. Hata wenye intaneti ya nguvu wamekubali kwamba kioo hakione yote.

Wenye kuwa katika hatari zaidi ni watu wa sutretansi, ambao kontra yao ni fupi, na makreza, ambao hawana patro wa kuitwa. Kwa makreza, kooperative inaweza kuweka telefone moja nzuri, sahani ya jua ya kuichaji na feza ya mega. Lakini iweke pia sanduku la usafiri, juu video ikisema "mpeleke haraka", mtu hapelekwe na maneno.

Kwa hiyo, delege wa sindika, mbele ya kuweka sahihi mnaweza kudai mambo manne. Mgonjwa akiomba kuguswa na munganga, asikataliwe. Kila ajali iandikwe na ionwe kwa mikono kwanza, video ije nyuma. Mfanyakazi abaki na kopi ya kile munganga aliandika. Na shefu asikae katika chumba wakati wa video: siri ya mwili ni ya mgonjwa na munganga, hata kama kampuni njo inalipa.

Mambo hayo yakiandikwa, video itakuwa mlango mwingine wa matunzo. Yasipoandikwa, itakuwa tu njia rahisi ya kuambia mgonjwa arudie zamu.