Jicho la Angani na Mto wa Mlangoni

Habari za roketi hufika hata huku kwetu Runingu, nazo hufika kama zifikavyo habari nyingine zote: kwa redio, kwa simu ya kijana fulani barazani, kwa mwenye pikipiki aliyetoka Uvira asubuhi. Safari hii habari yenyewe ni ya majeshi ya Marekani. Tarehe 11 Aprili 2024 walirusha kutoka Vandenberg, katika jimbo la California, setilaiti ya kuangalia hali ya hewa iitwayo WSF-M, ikipandishwa na roketi ya Falcon 9. Ya pili imekwisha agizwa, nayo itafuata.

Tulipowaeleza wanafunzi jambo hili, mmoja wa benchi la nyuma akauliza: «Mwalimu, hao askari wanataka nini na mvua?» Swali si la kijinga hata kidogo, ndiyo sababu tumeona vema kulijibu mbele yenu pia.

Jeshi huenda kwa miguu, kwa magari, kwa merikebu au kwa ndege, na mvua hulikamata njiani kama imkamatavyo mama aendaye sokoni na kikapu cha mihogo. Setilaiti hiyo huzunguka dunia juu kupita kilometa 800, na hutazama kwa mawimbi mafupi ya redio ambayo hupenya mawingu. Hupima nguvu ya upepo juu ya bahari, ukali wa tufani, hata unyevu wa udongo, ili ijulikane kama gari zito litapita au litazama. Mtu aliyepata kusukuma lori katika matope ya bonde la Ruzizi mwezi wa Aprili hahitaji kufundishwa faida ya elimu hiyo.

Asili ya kazi hii ni ya kuchekesha kidogo. Katika miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa wakiipiga picha nchi ya Warusi kutoka angani kwa siri. Filamu ilirudishwa chini ndani ya chombo chenye mwavuli, na ndege ikakidaka kingali hewani. Filamu ilikuwa ya thamani kubwa, kumbe mara nyingi ilipooshwa haikuonyesha kitu ila mawingu. Basi tangu mwaka 1962 wakarusha setilaiti nyingine ambazo kazi yake ilikuwa kutangulia na kutazama ni wapi mbingu zimetakata. Jambo hili halikutangazwa wazi mpaka mwaka 1973. Ukoo huo wa setilaiti huitwa DMSP, na WSF-M ni mrithi wake mmoja. Siri ilipofunuliwa, wataalamu walizitumia picha zake za usiku kutazama taa za miji ya ulimwengu. Katika picha hizo Ulaya yawaka kama makaa yaliyopulizwa; Kongo ya mashariki ni giza, na vidoa vichache tu vya mwanga.

Msidhani roketi ni mambo ya ugenini tu. Wazee wanakumbuka ya kuwa Rais Mobutu alilipa shirika moja la Kijerumani, OTRAG, nchi pana sana huko Shaba, upande wa magharibi wa ziwa letu, yapata kilometa za mraba 100,000. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977. Wenyewe walisema wanataka kupeleka setilaiti angani kwa bei nafuu. Mataifa mengine yaliingiwa na hofu, yakasema ni silaha. Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu mwenyewe alikuwapo kutazama, na roketi ya siku ile ikashindwa. Mwaka uliofuata kazi ikasimamishwa. Hakuna hata setilaiti moja iliyozunguka dunia kutoka katika udongo ule.

Yule mtoto alisikiliza yote hayo kwa utulivu, kisha akauliza swali lake la pili: «Kama huko juu wanaona mawingu yote, mbona hawakutuambia?»

Hakusema ni lini, wala hatukumwuliza. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukachukua nyumba kwa maelfu, na watu makumi wakafa. Hapa darasani wamo watoto waliopokea jamaa zao walioponea nguo za mwilini. Tungalimjibu nini? Kusema kwamba jicho halikuwapo kungalikuwa uongo. Tangu mwaka 1977 nchi za Ulaya zina setilaiti ziitwazo Meteosat. Mmoja wao husimama juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilometa 36,000, na Afrika nzima i mbele ya macho yake mchana na usiku. Picha mpya hutumwa kila robo saa, na zile za kizazi kipya kila dakika kumi. Tena hazifichwi. Kwa mpango ulioitwa PUMA, mwanzoni mwa karne hii, nchi 53 za Afrika zilipewa mitambo ya kuzipokea.

Na kwamba milima yetu ina mawingu makali, hilo pia limepimwa kutoka juu. Setilaiti TRMM, iliyorushwa kutoka Japani mwezi wa Novemba 1997, ilihesabu umeme wa radi kwa miaka mingi. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba pande za Kabare, kaskazini yetu, ni za kwanza katika Afrika yote, na za pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya mimweko 200 kwa mwaka juu ya kila kilometa ya mraba.

Basi picha husafiri kilometa 36,000 kushuka duniani, kisha hushindwa na safari fupi ya kutoka ofisi ya mji mkuu hadi ukingo wa mto. Hapo ndipo tunapoona uchungu. Tuseme kweli pia: setilaiti huona wingu, haioni mto. Kiasi cha mvua hukadiriwa tu, na makadirio hayo hayana budi kulinganishwa na vipimo vya chini, navyo katika nchi yetu ni haba mno. Zaidi ya hayo, mito yetu ni mifupi na milima ya Mitumba i wima. Maji yaliyonyesha juu jioni hayangoji asubuhi kufika bondeni, hasa mahali ambapo miti imekwisha kukatwa.

Lakini mtu akaaye mlimani huona mto umegeuka rangi kabla ya jirani yake aliye chini, naye siku hizi mara nyingi ana simu mfukoni. Ampigie nani? Ni nani huku bondeni aliyepewa kazi ya kuipokea simu hiyo saa nane ya usiku na kupiga ngoma au kengele, na ni nyumba zipi zinazojua maana ya mlio huo? Tumewauliza majirani wengi. Kila mmoja alimtaja mwingine.

Sisi darasani tumeanza na mkebe. Ni mkebe wa maziwa ya unga wenye ubavu ulionyoka, umefungwa juu ya nguzo mbali na miti na paa, nao husomwa kwa rula kila siku saa moja ya asubuhi, kisha hesabu huandikwa katika daftari. Yule wa benchi la nyuma ndiye aliyechaguliwa kuwa mwandishi. Juzi alikuta mkebe mkavu, akaja kuuliza kama ukurasa wa siku hiyo uachwe wazi. Tulimwambia aandike sifuri, pamoja na tarehe.