Safari ya Furaha Isiyozaa Deni

Karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ipo bustani kubwa ya michezo iitwayo Walt Disney World, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo kwanza ilikuwa bustani moja. Leo ni nne. Katika mojawapo, iliyofunguliwa mwaka 1998, umejengwa mji wa mfano wa Afrika ya Mashariki uitwao Harambe, ambako wageni hupanda magari kwenda kutazama twiga na tembo walio hai. Si ajabu, basi, kwamba watoto wengi wa Marekani hutamani kufika huko. Lakini gharama za safari hiyo ni nyingi, na jamaa wengine huikopea fedha. Furaha ya siku nne hulipwa kwa miezi mingi, tena pamoja na riba. Wahenga walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Je, watu wa kipato cha kadiri waiache safari hiyo? Sivyo. Yafaa waipange kwa akili, na jambo la kwanza ni kuchagua siku. Bei ya tikiti za kuingilia hubadilika kwa tarehe, na vivyo hivyo nauli za ndege na malipo ya hoteli. Wakati wa Krismasi na Pasaka, shule zinapofungwa, watu husongamana na kila kitu hupanda bei.

Kwa sababu hiyo wazazi wengine huwatoa watoto shuleni katikati ya muhula, ili wasafiri kwa bei nafuu. Hiyo si akiba. Fedha iliyobaki mfukoni mwa baba imetolewa katika masomo ya mtoto. Tena njia iliyo bora ipo. Shule nyingi za Florida hufunguliwa kabla mwezi wa Agosti haujafika nusu, lakini shule za serikali za mji wa New York hufunguliwa Septemba. Basi jamaa ya New York ikisafiri mwishoni mwa Agosti hukuta msongamano umepungua na bei zimeteremka, wala mtoto hakosi hata somo moja. Ni kweli kwamba majira hayo ni ya joto kali na mvua, na huenda tufani ikatokea. Lakini joto huvumilika kuliko deni.

Jambo la pili ni chombo cha safari. Nauli ya ndege hulipwa kwa kila kichwa. Petroli ya motokaa ni ile ile, wawe watu wawili au watano. Hata hivyo, kutoka New York hadi Orlando ni kama kilometa 1,700, yaani mwendo wa siku mbili. Gharama za kulala na kula njiani, kwenda na kurudi, zihesabiwe kwanza. Ndege za bei ya chini nazo zina hila yake: nauli huwa ndogo, kisha mizigo hutozwa kando. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo madogo yasidharauliwe. Mtoto asiyetimiza miaka 3 huingia bustanini bure. Kila mgeni ana ruhusa ya kuingia na chakula chake, na maji baridi hutolewa bure kwa aombaye penye vibanda vya chakula. Mkate uliofungwa asubuhi huokoa dola nyingi adhuhuri.

Huenda mtu akasema kwamba kuhesabu hivyo ni ubahili. La, bahili hukataa kutumia. Mwenye akiba hutumia panapofaa. Mtoto hatakumbuka kama mkate alioula ulitoka nyumbani, lakini ataona huzuni ya wazazi wanaodaiwa. Basi na watoto washirikishwe katika hesabu, na kila juma kiwekwe kidogo, mwaka mzima kabla ya safari. Haba na haba hujaza kibaba. Na aliyejaza kibaba chake hurudi nyumbani bila kuogopa hodi ya mdai.